Sura ya Saba: Makafara ya Dulciana

Sajini Ivor Skelding hakuwa na gari. Alikuwa na baiskeli ya idara yenye breki moja. Hakuwa na msaidizi, wala mpiga picha, wala chumba chake mwenyewe ofisini. Hakuwa na shahidi aliyeona kitu, hakuwa na kufuli lililovunjwa, hakuwa na adui hata mmoja wa marehemu. Hakuwa na muda, maana siku hiyo ilikuwa Jumanne na kikao cha kuchunguza kifo kilipangwa Alhamisi saa nne asubuhi. Na tangu alipougua utotoni hakuwa na pua. Ilikuwepo usoni, tena kubwa ya kutosha, lakini haikunusa kitu, liwe waridi au uwe mzoga.

Kitu kimoja alikuwa nacho, na ndicho kilichomkosesha raha: alikuwa na mtu aliyekiri.

Skelding hakuwa mkamataji wa wezi. Alikuwa ofisa wa Mchunguza Vifo wa wilaya, na kazi yake ilikuwa kumweleza mkubwa wake jinsi mtu alivyokufa, basi. Safari hii mtu mwenyewe alikuwa Lionel Mabbutt, mzee wa miaka sabini na mmoja, aliyekuwa fundi wa vinanda vya makanisa. Aliishi peke yake ndani ya boti ya chuma iliyoitwa Dulciana, iliyofungwa ukingoni mwa mfereji pale Netherwick. Maji ya mfereji ule humfika mtu mzima kifuani, hayazidi hapo. Lakini mtu aliyelala, boti ikalala ubavu na mlango ukabanwa na jiko lililoanguka, hahitaji bahari ili afe. Alfajiri moja ya Februari majirani waliamka wakaona paa na bomba la moshi tu vimechomoza juu ya maji.

Boti ilipoinuliwa, tundu lilionekana ubavu wa kushoto, upande wa tezi, yaani nyuma, chini ya mstari wa maji. Upana wake haukuzidi sarafu. Mkaguzi wa boti, Bwana Hedley Crowther, aliandika ripoti ya kurasa sita, na maana yake ilikuwa moja: Mzee Enoch Pargeter wa gudi la Hobley, bwawa linalokaushwa ili kutengenezea boti, aliyeipaka boti hiyo lami mwezi Julai, alipaka lami juu ya makafara pia.

Watu wa mfereji wanajua uzito wa shitaka hilo. Kafara ni kipande cha magnesi, kikubwa kama mkate, kinachochomelewa ubavuni mwa boti chini ya maji. Kazi yake ni kuliwa. Maji yakitaka kula chuma hukutana na kafara kwanza, yakala hilo, na chuma kikasalimika. Lakini kafara lililopakwa lami limefungwa mdomo. Haliliwi, na kwa kuwa haliliwi, boti huliwa badala yake. Mtoto aliyezaliwa mferejini anajua kwamba boti hupakwa kote ila hapo.

Na Mzee Pargeter, aliyepaka boti kwa miaka hamsini na miwili, alikuwa amekubali kwamba ni yeye. Alhamisi jopo la kikao likiipokea ripoti, angetoka pale na shitaka la kuua bila kukusudia.

Asubuhi hiyo Skelding alimkuta jikoni kwake, amekaa mbele ya mkate uliopakwa mafuta ya nyama ambao hakuugusa. Nje ukungu ulikuwa mzito kiasi cha kuufanya mfereji uonekane kama haupo. Mzee hakugeuza uso mgeni alipoingia. Aligeuza sikio.

"Ni Sajini," alisema. "Baiskeli yako inalia upande mmoja."

Skelding alimwomba amweleze tena, polepole, jinsi alivyoipaka Dulciana. Mzee akaeleza. Aliikausha gudini siku mbili. Aliikwangua kwa mkono, siku tatu, mpaka chuma kikang'aa. Alipaka mkono wa kwanza wa lami, akaacha kikauke, akapaka wa pili, kisha wa tatu pale maji yanapogusana na hewa, maana hapo ndipo kutu inapopenda. Na makafara? Makafara, kabla ya yote, aliyafunga magazeti na kamba, manne yote, kama baba yake alivyomfundisha.

"Uliyafunga," alisema Skelding.

"Huwa nayafunga."

"Mzee, sikuulizi huwa. Nauliza Julai."

Pargeter aliinua viganja vyake mezani, vyeusi katika mistari hata baada ya sabuni ya miaka hamsini. Akasema kwamba anakumbuka kamba vidoleni, lakini kamba za Julai na za Julai nyingine zote zinafanana. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelisema kituoni. Macho yamekwenda. Tangu mwaka juzi anaona ukingo wa vitu tu, katikati hakuna kitu, kama sarafu nyeusi imebandikwa. Hakumwambia mtu. Nani angemletea boti kipofu?

"Ulinionyesha picha za Crowther kwa ile lenzi yako," alisema. "Nikaona weusi mahali pasipotakiwa. Picha haina sababu ya kunionea. Macho yangu ndiyo yenye sababu ya kunidanganya. Basi nimeua mtu, mwanangu. Tuyaache hapo."

"Kuna kingine ulichokiona Julai?"

"Kuona? Hapana. Kusikia, ndiyo." Akagonga meza kwa kifundo cha kidole. "Niligonga Dulciana yote kwa nyundo kabla ya kupaka. Chuma kizima huimba. Kushoto, nyuma, haikuimba. Ilikohoa. Nikamwambia Crowther, maana siku hiyohiyo alikuja kuipima kwa ajili ya cheti cha bima. Akacheka. Akasema ana mashine ya betri inayojua kuliko sikio la mzee. Akaandika milimita tano na nusu, chuma kizima. Mabbutt alikuwepo, naye alikuwa na sikio. Alinitazama tu."

Skelding aliandika. Alipoinuka kuondoka, mzee alimshika mkono wa koti.

"Ananigongea," alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. "Mabbutt. Ukutani hapo, mara tatu, asubuhi kama hivi. Hana hasira. Anagonga kama mtu anayepima kitu, kisha anangoja nijibu."

Skelding alitoka nje. Alifunga mlango taratibu.

Dulciana ilikuwa imewekwa katika gudi la zamani nyuma ya karakana ya mfereji, lililokaushwa na kufungwa kwa kufuli. Ukitaka kuifikia unashuka ngazi ya matofali yenye kuvu mpaka chini kabisa, pale palipopaswa kuwa na maji. Boti ilikaa juu ya magogo, nyeusi na ndefu kama jeneza la watu wengi, na ukungu ulikuwa umeshuka ukaijaza nafasi iliyoachwa na maji. Siku kumi tangu iinuliwe, bado ilikuwa inadondosha. Tone, kimya, tone. Hakuna aliyejua maji hayo yalikuwa yanatoka wapi.

Juu ya ngazi alimkuta Bi Loveday Tranter, mwenye boti ya jirani, mama mnene mwenye koti la mwanamume. Alikuwa amekuja kuchukua suti ya Mabbutt ya kuzikiwa.

"Wameniambia niombe ruhusa kwa mwenye pua," alisema. "Nikajua ni wewe, baba."

Skelding alikuwa na swali lake. Boti mbili zikiunganishwa na umeme wa ukingoni kwa nyaya zilizoungana, moja huweza kuitafuna nyingine majini, kimyakimya, mwaka mzima. Jambo hilo linajulikana. Alimwuliza kama waya wake uliwahi kumfikia Mabbutt. Bi Tranter akasema Mabbutt hakuwahi kuwa na umeme hata wa kuwashia balbu. Alisoma kwa mshumaa, alipika kwa makaa ya mawe, na alisema umeme unavuma katika noti mbaya. Skelding alipochungulia baadaye hakuona tundu la waya mahali popote. Njia hiyo ikaishia hapo.

Walishuka pamoja. Hatua ya tano Bi Tranter alisimama, akaziba pua kwa skafu.

"Kwani ni nani anapaka lami humu?"

"Hakuna anayepaka."

"Usinitanie. Hii si lami ya Julai. Lami ikikaa majini miezi saba hainuki kitu ila matope. Hii imepakwa wiki hii, au sanasana wiki iliyopita. Inakata koo. Wewe huisikii?"

Skelding alimtazama muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha akamwomba, kwa unyenyekevu ambao haukuwa desturi yake, amfanyie kazi moja: atembee kandokando ya boti, anuse, na asimame pale harufu inapozidi.

Mama yule alitembea ndani ya ukungu akivuta pua kama mbwa wa kuwinda, huku akinung'unika kwamba marehemu mume wake angeliona hili angecheka mpaka angezikwa mara ya pili. Alisimama mara nne. Kila aliposimama, kando ya goti lake palikuwa na kafara.

Baada ya Bi Tranter kuchukua suti na kuondoka, Skelding alibaki peke yake. Alivua glavu, akakandamiza ukucha kwenye ubavu wa boti. Lami pale ilikuwa ngumu, kijivu, imepauka. Akakandamiza ukucha kwenye kafara la mbele. Ukucha ukazama, na alipoutoa ulitoka na uzi mweusi unaovutika.

Alichukua nyundo ndogo aliyoiazima kwa mzee, akaanza kugonga kutoka omo, mbele, kwenda tezi, kila shubiri moja. Chuma kiliimba. Sauti ilikwenda mpaka ukuta wa matofali ikarudi. Aligonga, akasogea, akagonga. Alipofika nyuma kushoto, sauti ilikufa. Haikuwa ndogo, ilikuwa haina pumzi, kama kugonga kifua cha mtu. Alizunguka kila upande wa tundu na sauti ile mfu ilimfuata kwa upana wa mlango mzima. Huo haukuwa ugonjwa wa miezi saba. Chuma cha milimita tano na nusu hakigeuki karatasi kati ya Julai na Februari, makafara yawe yamepakwa au hayakupakwa.

Akashusha nyundo.

Ndani ya boti kitu kiligonga mara moja.

Skelding alisimama. Tone likaanguka. Akahesabu pumzi kumi. Kikagonga tena, pale pale, upande wa pili wa chuma, usawa wa uso wake.

Alipanda, akaingia. Kibanda kilikuwa na baridi kuliko nje. Mstari wa matope ulipita ukutani sawasawa kama umechorwa kwa rula, ukapita juu ya kitanda kwa kimo cha shubiri mbili. Juu ya godoro palikuwa na alama ya mtu aliyelala ubavu, na alama hiyo ilikuwa bado imelowa ilhali godoro lote pembeni yake lilikuwa limekauka. Kwenye rafu uma wa fundi, ule wa kupimia noti, ulisimama wima ndani ya kikombe. Hapakuwa na mtu, wala panya, wala kitu kilichoning'inia. Skelding aliweka kiganja ukutani mahali palipogongwa. Chuma kikipoa hulia, kila fundi atakuambia hivyo, na huenda ndivyo ilivyokuwa. Hakungoja kusikia cha tatu.

Alipotoka alimkuta Hedley Crowther amesimama chini ya gudi, mwembamba, nadhifu, mwavuli mkononi.

"Tranter ananiambia unanusanusa," alisema Crowther. "Kwako huo ni muujiza."

"Nakuhitaji, Bwana Crowther. Nisaidie jambo la kitaalamu, nisije nikalikosea mbele ya jopo."

"Uliza."

"Kafara likipakwa lami Julai, likakaa majini mpaka Februari, ukibandua lami utalikuta vipi?"

Crowther alitabasamu kama mwalimu. "Zima. Kama lilivyotoka dukani, kingo zote zipo. Ndiyo dhambi yenyewe ya Pargeter. Lami imelifunga, halikufanya kazi siku hata moja. Nimeeleza ukurasa wa nne."

"Una hakika?"

"Ningeapa juu yake. Nitaapa, Alhamisi."

Skelding alipiga goti kwenye matope. Alitoa kisu, akachora mstari kando ya kafara la nyuma, akashika ngozi ya lami kwa vidole viwili na kuivuta. Ilibanduka yote kwa pamoja, laini, kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa. Kafara lililokuwa ndani yake lilikuwa limekwisha nusu. Lilikuwa limelika kama sabuni ya mwisho wa mwezi, limejaa mashimo, na kila shimo lilikuwa na lami ndani mpaka chini.

Tone likaanguka.

"Lami haiwezi kuingia katika shimo ambalo halijachimbwa," alisema Skelding. "Kafara hili lililiwa kwanza, ndipo likapakwa. Lilikuwa wazi majini tangu Julai, vuli yote, na baridi, likifanya kazi yake. Mzee alilifunga gazeti kama alivyofunga mengine yote maisha yake. Aliyelipaka alilipaka humu, gudini, baada ya Mabbutt kufa."

"Mtu amekiri, Skelding."

"Amekiri kile picha zako zilichomwambia. Wewe ndiye uliyeosha matope. Wewe ndiye uliyepiga picha, peke yako, Jumamosi."

Crowther aliufunga mwavuli wake, ingawa haukuwa umefunguliwa sawasawa. Uso wake haukubadilika sana, ulikauka tu. Alisema kwamba Julai ile alikuwa na boti tisa za kupima, na kwamba hakuna mkaguzi duniani anayegusa kila shubiri ya chuma. Kisha akanyamaza, kama aliyesikia maneno yake yamekwenda mbali kuliko alivyoyatuma.

"Sikusema kitu," alisema.

"Hapana."

"Na hutasema kitu wewe pia. Kufuli lina funguo mbili. Moja ya karakana, iko katika sanduku la chuma na haikutoka. Daftari lao linaonyesha. Nyingine yako. Kanuni zako zinasema ufunguo wa ushahidi hautoki mikononi mwako bila saini." Akamsogelea kidogo. "Nilitia saini wapi, Sajini? Umeandika wapi kwamba Jumamosi nilikuwa humu? Nani alinipa ufunguo?"

Jumamosi ile mvua ilikuwa inanyesha, baiskeli ilikuwa na pancha, na Crowther alikuwa muungwana aliyemfahamu kwa miaka kumi na minne. Skelding alimrushia ufunguo dirishani, akarudi kwenye chai yake.

"Una miezi minne ufike kiinua mgongo," alisema Crowther. "Pargeter ana miaka sabini na saba, na haoni. Hawatamfunga muda mrefu. Fikiri kama mtu mzima."

Alipanda ngazi polepole. Ukungu ulimchukua kuanzia kofia kwenda chini, mpaka vikabaki viatu vyake, kisha havikuwepo.

Skelding hakurudi ofisini. Alibandua lami ya makafara mengine matatu, akayaona yote yamelika vilevile. Alikata kipande cha ngozi ile, akakikunja ndani ya karatasi ya mafuta, akaandika juu yake tarehe, saa na mahali. Mafundi wa karakana walimkatia kafara moja kwa msumeno, naye akawatilia saini ya kulichukua, na wao wakamtilia yake. Kisha akaendesha baiskeli mpaka posta ya Netherwick, akasimama kwenye kaunta ya kuandikia, akaomba wino.

Barua kwa Mchunguza Vifo aliiandika kama alivyofundishwa, jambo moja kila aya. Aya ya kwanza ilihusu lami iliyo laini. Ya pili ilihusu makafara yaliyoliwa chini ya lami, na kwamba jambo hilo haliwezekani kama ripoti ya Bwana Crowther ni ya kweli. Ya tatu ilihusu sauti ya chuma nyuma kushoto, cheti cha Julai, na onyo la Mzee Pargeter ambalo halikusikilizwa. Aliomba kukiri kwa mzee kusipokewe kabla mkaguzi mwingine hajaitazama boti.

Hapo kalamu ikasimama. Aya tatu zile zilionyesha kwamba kuna mtu aliingia gudini. Hazikuonyesha nani. Mwanamke wa posta aliuliza kama anahitaji karatasi nyingine, maana gari la barua lilikuwa linakuja saa kumi kamili na sasa ilibaki robo. Skelding akasema anahitaji.

Akaandika: "Jumamosi iliyopita, saa tatu asubuhi, mimi mwenyewe nilimpa Bwana Hedley Crowther ufunguo wa gudi, bila saini na bila kuandika popote, kinyume cha kanuni. Aliurudisha saa nane mchana. Hakuna mtu mwingine aliyeingia kabla ya leo. Kosa hili ni langu, na niko tayari kuliapia Alhamisi."

Aliisoma mara moja. Hakufuta neno. Alitia jina, cheo na namba, akakunja karatasi mara tatu, akaiweka ndani ya bahasha pamoja na kile kipande cha lami. Alilamba gundi, akaipiga pasi kwa kiganja, akabandika stempu ya haraka.

Gari jekundu lilikuwa limekwisha kusimama nje, na tarishi alikuwa anafunga mdomo wa gunia.

"Umeniwahi kwa dakika moja tu, mkubwa," alisema tarishi. "Ni muhimu sana, au isubiri safari ya kesho?"

"Ichukue leo," alisema Skelding, akamkabidhi.

Tarishi aliitupa ndani ya gunia, akakaza kamba, akaondoka nayo.